Chembe au Seli?
Huko Geita na Shinyanga, neno chembe humkumbusha mchimbaji punje za dhahabu. Hivyo, mfasiri anayewaandikia wafugaji wa sato wa Ziwa Victoria kwamba "chembe nyeupe hupigana na bakteria" huenda asieleweke. Tunapendekeza seli, yaani sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai. Bakteria waingiapo katika jeraha la samaki, seli nyeupe za damu huwaendea, huwazingira, huwameza na kuwameng'enya. Seli hizo hazitoki katika uboho, kama zetu, bali hasa katika figo. Zebaki wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo, ikifika majini, yaweza kuzidhoofisha. Onyo hilo halitaeleweka iwapo dhahabu na kinga ya samaki zitaitwa kwa jina moja.