Ijumaa Usiku Utakuwa na Nani?

Mzazi anayemsindikiza mwanawe kwenda kusoma ng'ambo humuusia swala, humuusia masomo, kisha humwombea dua ya safari. Ni wachache wanaomuuliza swali hili dogo: Ijumaa usiku, wenzako watakapotoka mabwenini, wewe utakuwa na nani?

Kule Marekani swali hilo lina jibu la zamani. Vyuo vingi vina vyama vya udugu wa wanafunzi wa kiume, vinavyojulikana kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki. Anayetaka kuingia huchaguliwa, hutazamwa kwa majuma kadhaa, hula kiapo, na tangu hapo wenzake huwa ndugu zake. Wengi hukaa nyumba moja. Hata baada ya masomo, anayetafuta kazi huanza kwa kubisha hodi kwa ndugu waliomtangulia.

Tusiudharau udugu huo. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cornell, vijana saba weusi, wachache mno katika umati wa weupe, waliunda Alpha Phi Alpha, kwa kuwa vyama vilivyokuwapo havikuwafungulia mlango. Baadaye Thurgood Marshall na Martin Luther King walikuwa wanachama wake.

Lakini katika nyumba nyingi za namna hiyo pombe ndiyo mwenyeji. Mwaka 2017, jimboni Pennsylvania, kijana wa miaka 19 alinyweshwa usiku wa kukaribishwa chamani, akaanguka ngazini, na wale aliotaka kuwaita ndugu wakachelewa hadi asubuhi kuita msaada. Alifariki. Hatulitaji hili ili kuwatia wazazi hofu. Twalitaja kwa kuwa anayebisha mlango ule, aghalabu, hatafuti ulevi. Anatafuta watu.

Kijana wa Kiislamu naye anatafuta watu. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu zipo tangu zamani. Ile ya Marekani na Kanada iliasisiwa mwaka 1963 huko Illinois. Zina swala, darsa na futari. Ila, tuseme kweli, darsa likiisha kila mtu huvaa viatu akaenda zake, na aliyekuja na upweke huondoka nao.

Mwaka 2013, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas walijaribu njia nyingine. Waliunda chama cha udugu kisicho na pombe, wakakiita Alpha Lambda Mu, herufi zinazolingana na Alif Lam Mim zinazofungua Suratul Baqara na sura nyingine tano. Mwaka huohuo walionekana hadharani wakiwa na mabango ya kupinga wanaume wanaopiga wake zao, na picha zao zikasambaa mbali.

Wapo waliohoji: mbona kuiga? Sisi hatuoni ubaya wa chombo kilichosafishwa kikatiwa maji halali. Wasiwasi wetu uko kwingine. Chama kinachochagua hukataa pia, na kijana aliyekataliwa na Waislamu wenzake huvunjika moyo kuliko aliyekataliwa na wageni. Huyo atakwenda wapi?

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliunganisha Muhajirina na Ansari wawili wawili. Hakuna Muhajirina aliyesubiri kupigiwa kura. Abdulrahman bin Auf, aliyeacha mali yake Makka, aliunganishwa na Saad bin Rabii, ambaye alimpa nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka, hakuichukua. Aliomba jambo moja tu: aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akarudi na jibini na samli.