Kesho ya Kitambo

Kaseti ilikuwa imeandikwa kwa biro ya bluu, herufi kubwa: ROBOCOP. Deki ikaimeza, ikanguruma kidogo, chenga zikajaa kwa skrini, halafu picha ikashika. Detroit. Makarao, moshi, magari yamepondeka. Na juu ya hiyo yote, sauti ya jamaa anabonga Kinyarwanda mbio mbio, kama mtangazaji wa redio penati ikipigwa pale uwanja wa Amahoro dakika ya tisini. Robocop akitembea, jamaa anatembea naye. Robocop akinyamaza, jamaa anatuambia anawaza nini.

Kinyarwanda changu ni cha soko ya Kimironko na cha kuelewana bei na wasee wa moto, yaani pikipiki. Hiyo spidi ilinipita. Lakini nilikaa kwa mkeka mpaka muvi ikaisha, nikairudisha mwanzo, nikaicheki tena. Tangu nihame Nairobi nikuje Remera, hapa Kigali, nimekuwa nikikusanya sai-fai za kitambo: maroboti, vyombo vya anga, viumbe vya sayari zingine. VHS, VCD, DVD, zimejaza rafu mbili za keja na zingine ziko chini ya kitanda. Na hii ya biro ya bluu ndio ilinionyesha nilikuwa nasaka nini miaka hiyo yote.

Wenyeji wanaiita agasobanuye. Inatoka kwa gusobanura, kueleza. Ni kama kusema kale kamuvi kameelezwa. Msee mmoja na maiki, muvi ya watu wa mbali, na watu wake wamekaa mbele wanadai kuelewa. Jina la kwanza utaskia Kigali ni Yanga, yaani Nkusi Thomas, aliyetuacha 2022. Ukikaa zaidi utaskia Rocky Kirabiranya na Junior Giti. Nikibonga na wasee wa rika langu hapa Gisimenti kuhusu Schwarzenegger, wanamuigiza Yanga. Sauti ya Arnold mwenyewe hawaikumbuki.

Kama umelelewa Nairobi, hii kitu huelezwi. Sisi mtaani tulikuwa tunatoa ashara, tunabanana kwa benchi ndani ya mabati, jua linapika, na DJ Afro anatushika mkono toka mwanzo mpaka stelingi amalize kazi. Kampala wako na VJ zao, VJ Jingo akiwa kati ya wale wakubwa. Dar wakubwa zetu walikuwa na Lufufu. Afrika Mashariki yote imecheki Hollywood na mtu wa nyumbani akiwa kando yake anaongea.

Na maze, sai-fai ndio ilikuwa ngumu kuliko zote. Muvi ya karate haitaki maneno mengi, ngumi ni ngumi. Lakini hebu mweleze msee aliyetoka kazini amechoka kwamba hili lijamaa la chuma limetumwa kutoka 2029 likuje 1984 kuua mathe wa mtoto ambaye hajazaliwa. Halafu mweleze kwamba huyo mtoto, akishakua, ndiye atamtuma budake arudi nyuma amlinde mathe. Halafu uyaseme yote huku risasi zinalia na maiki ni moja. Aliyeweza kueleza The Terminator kwa Kinyarwanda, watu wakatoka kwa kibanda wakibishana kuhusu wakati wenyewe, huyo kwangu ni mwalimu mkubwa, na ningependa jina lake liandikwe mahali.

Ndio maana huwa narudi kwa Blade Runner. Ridley Scott aliitoa 1982, na wenye pesa wakaogopa watu hawataielewa, wakamketisha Harrison Ford aisomee maelezo juu ya picha. Ford hakuipenda hiyo kazi na inaskika: anasoma kama mtu anayesoma risiti. 1992 ikatoka nyingine bila hiyo sauti, 2007 ikatoka ile ya mwisho kabisa, nayo haina. Siku hizi ukiitafuta kwa simu, mara nyingi utaletewa hiyo ya mwisho. Ile yenye Ford anaongea, mi niko nayo kwa kaseti iliyotoka Kampala, jalada limepauka mpaka sura yake inaonekana kama kivuli.

Wajuaji wa sinema wanasema ilikuwa poa kuiondoa sauti, na nawaelewa, picha inapata pumzi. Ninachobishia ni ile fikra kwamba kuelezwa kunaharibu muvi. Los Angeles walichukua mtu asiyeitaka kazi wakamwambia aeleze. Kigali walichukua mtu anayeipenda muvi mpaka jasho linamtoka. Kazi ni moja, roho ni tofauti, na hiyo tofauti unaiskia hata kama lugha huijui.

Usiku nikiicheki hiyo kaseti ya Ford, kwa dirisha naona taa za BK Arena. Arena ilifunguliwa Agosti 2019. Hadithi ya Blade Runner iko Novemba 2019. Scott alidhani hiyo kesho itakuwa mvua isiyokatika na magari yanapaa juu ya majengo. Kesho ilipofika, Remera ilikuwa na uwanja mpya wa basketi na wasee wa moto wamejipanga nje wakingoja mechi iishe. Terminator 2 yenyewe ilitaja mpaka siku dunia ingeungua: 29 Agosti 1997. Mi napenda sana kukaa na hizo tarehe zilizopita. Ni kesho za watu wengine, zimehifadhiwa kwa utepe, na sisi ndio tumefika huko badala yao.

Kaseti za Remera hazikuanzia Remera. Baada ya mauaji ya 1994 watu walirudi kutoka Kampala, Bujumbura, Goma, Dar, Nairobi, wengine Brussels na Paris, kila mtu na sanduku lake. Vitu vya kabla ya hapo ni vichache kwa nyumba nyingi, na kwa nini, hilo swali siulizi mtu. Nachukua kinachopatikana: nyumba inahamwa Kabeza, duka la marehemu linafungwa, fundi anataka nafasi kwa meza yake.

Ukizoea, kaseti inakuambia ilikopitia. Nilipata Total Recall, ile ya 1990 ya Paul Verhoeven, huyo huyo wa RoboCop. Nikaiweka kwa deki, Arnold akaanza kubonga Kifaransa, na picha yote ikawa nyeusi na nyeupe. Mars, sayari nyekundu, yote kijivu. Nilidhani deki imekufa. Kumbe kaseti ilirekodiwa Ufaransa kwa mfumo wa SECAM, na deki yangu ni ya PAL: mwanga inausoma, rangi haiwezi kuzisoma. Ya Marekani nayo ni NTSC, mistari 525 badala ya 625, na kwa TV yangu ya mgongo picha inapanda juu bila kusimama. Kitu kingine wengi hawajui: muvi hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, lakini PAL inaicheza kwa 25. Muvi ya masaa mawili inaisha karibu dakika tano mapema, na sauti zinapanda kidogo. Utoto wetu wote mastelingi walikuwa wanakimbia kuliko walivyokimbia kweli.

VCD sina mengi ya kusema. Zilikuwa mbili kwa kila muvi, na ya pili ndiyo ilikuwa inakwaruzwa, kwa hivyo kuna muvi nyingi za kitambo ambazo najua mwanzo wake tu.

Deki ikisumbua naishia Giporoso, kwa fundi mmoja mzee wa asili ya Bukavu, mlango wake umebanwa kati ya wauza kava za simu. Mara ya kwanza nilimpelekea kaseti imeganda.

"Shikamoo Muzehe. Hii inakataa kuzunguka."

Aliishika, akaipeleka kwa mwanga, akanionyesha kwa dirisha dogo la plastiki. Pembeni ya utepe kulikuwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo.

"Unaona? Iko na kuvu. Mvua ya hapa haiachake kitu. Usitie mu mashini, mutoto yangu, itauwa kichwa."

Akaigeuza, akafungua skrubu zote tano, akainua kifuniko kwa kucha ili springi ya mlango isiruke. Ndani kuna magurudumu mawili na utepe zaidi ya mita 250 kwa kaseti ya masaa matatu, upana wake nusu inchi. Akachukua kitambaa kisicho na nyuzi, spiriti kidogo, akaubana utepe kwa vidole viwili na kuanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Pole pole. Kitambaa kikipata weupe anakikunja upande mwingine. Ilichukua mchana mzima, wateja wa simu wakija na kuondoka, na hakuna hata mara moja aliyoharakisha. Aliponifungulia deki nikaona kwa nini: ndani kuna ngoma ya chuma inayong'aa, imelala kidogo upande, na ikishika kasi inazunguka mara 1,500 kwa dakika huku utepe unapita ukiigusa. Kavumbi kadogo tu hapo, uso wa stelingi unapasuka mara mbili.

"Siye tulikuwaka tunaangalia hizi kila siku ya Mungu," akasema, bila kuinua macho. "Kiisha kila mutu akasema ni takataka."

Spea ndio kilio. Funai wa Japani, waliokuwa wamebaki wakitengeneza deki, waliacha Julai 2016. Kila deki inayozunguka leo inaishi kwa viungo vya nyingine iliyokufa, na ukuta wa huyo mzee umejaa hizo maiti: mabodi ya kijani, waya, mikanda ya raba imening'inia kwa misumari. Nikiingia hapo nakumbuka Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes 2021. Ilipigwa hapa Rwanda, na hadithi yake ni ya Burundi, ya wachimba koltani na mahaka wa kompyuta. Cedric Mizero, msanii wa hapa hapa, alivalisha waigizaji takataka za kompyuta mpaka zikawa nguo za kifalme. Watu wanabonga Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Nilipoicheki mara ya kwanza nilingoja, bila kujua nangoja nini, halafu nikashtuka: nilikuwa nangoja ile sauti ya kueleza. Na haikuwa na haja ya kuja. Kesho ilikuwa inaongea lugha ya jirani zangu yenyewe. Nairobi tuna Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, dakika ishirini na kitu za dunia isiyo na maji, na hiyo pia inastahili kukaa kwa rafu ya mtu, kitu cha kushikika.

Wasee huniuliza kwa nini nihangaike na kuvu na muvi ziko kwa simu. Jibu langu huwa Metropolis. Fritz Lang aliitoa 1927, ikakatwa vibaya, na miaka themanini watu wakaamini vile vipande vimepotea. 2008 vikapatikana Buenos Aires kwenye kopi ya milimita 16 iliyojaa mikwaruzo, na kopi hiyo ilikuwepo kwa sababu kitambo mkusanyaji mmoja wa Argentina alijiwekea muvi hiyo. Hakuna aliyemtuma. Na kaseti za Star Wars za kabla ya 1997 bado ziko na Han Solo anayefyatua kwanza, kabla George Lucas hajabadilisha. Mwenye muvi akibadilisha mawazo, kaseti yako haibadiliki. Sasa fikiria agasobanuye, ambayo sijaskia imewekwa kwa makavazi ya Hollywood wala ya mtu yeyote. Kopi ikioza, jamaa wa maiki ameoza nayo.

Turudi kwa ile RoboCop. Kwa mgongo wa kaseti ya kurekodia kuna kijino cha plastiki. Ukikivunja, deki haiwezi kurekodi juu yake. Ukibandika selotepu hapo, inaweza tena. Hii ilikuwa na selotepu, imekauka na kuwa ya manjano. Mara ya pili niliiacha izunguke baada ya muvi kuisha, nikienda kuchemsha chai. Chenga, chenga, halafu nikaskia watu wanacheka.

Ilikuwa gusaba, sherehe ya kuposa. Dakika saba hivi. Wazee wawili wamesimama wakishindana kwa maneno matamu kuhusu ng'ombe, kila mmoja na fimbo yake, upande huu ukipiga makofi, upande ule ukijibu. Wamama kwa nguo za mishanana. Bibi harusi hajatoka bado. Mtoto wa miaka kama minne anakatiza mbele ya kamera na chupa ya Fanta, anasimama, anaangalia ndani ya lenzi muda mrefu mpaka mkono unakuja kumvuta. Halafu chenga tena, mpaka mwisho.

Hakuna tarehe wala jina. Kaseti ilikuwa kwa katoni niliyonunua nzima. Nikaibeba Giporoso, mzee akainakili yote kwa flashi, muvi na sherehe, akarudisha nyuma mara tatu pale wazee wanabishana.

"Huyu wa kushoto anajua kusema," akanong'ona.

Nilimuuliza kama anamjua. Akatikisa kichwa. Akafunga flashi ndani ya kinailoni, akakata kikaratasi, akaandika kwa mkono wake: Robocop, na gusaba, dakika 7. Akaitundika kwa msumari karibu na mlango, pale mtu akiingia lazima ataiona.