Je, Wajua? Ukivuka Namanga, Juma la Kazi Linapungua

Je, wajua kwamba Namanga ni mji mmoja wenye majuma mawili ya kazi? Upande wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma, na zisizidi 9 kwa siku. Upande wa Kenya, agizo la jumla la mishahara linaruhusu saa 52 kwa siku 6. Vuka mpaka tu, saa 7 zimeshuka!

Saa 7 waziona chache? Zizidishe kwa majuma 48 ya mwaka, likizo ukiwa umeshaitoa. Unapata saa 336, ambazo kwa Mtanzania ni zaidi ya majuma 7 mazima ya kazi. Kweli, ofisi nyingi za Nairobi hufunga mapema kuliko hapo, lakini sheria imeacha mlango wazi.

Na mlinzi wa usiku je? Kenya, kazi ya usiku inaweza kufika saa 60 kwa juma. Tanzania, usiku wa kisheria huanza saa 2 na kuisha saa 12 asubuhi, na kila saa ya humo ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ukifanya zamu ya usiku, itafute nyongeza hiyo kwenye hati yako ya malipo leo hii.

Tuje kwenye pesa. Wajua Kenya mshahara wa chini hutegemea mahali ulipo? Kuanzia Novemba 2024, kibarua wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru hakupaswa kulipwa chini ya Sh 16,113.75 kwa mwezi. Kibarua huyohuyo, fagio lilelile, akihamia mji mdogo ambao haumo kwenye orodha ya miji, kima chake kilishuka hadi Sh 8,600 hivi. Karibu nusu! Na hapo posho ya nyumba bado: agizo linataka mwajiri ampe makazi, au amwongezee asilimia 15.

Tanzania haiulizi uko mji gani. Inauliza uko sekta gani. Katika agizo la mishahara lililoanza Januari 2023, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri aliwekewa Sh 60,000 za Tanzania kwa mwezi, na aliye katika kampuni ya kimataifa ya nishati Sh 592,000. Nchi moja, agizo moja, tofauti ya karibu mara 10!

Sasa sikia hili, maana mimi mwenyewe nalitafakari kila nikimwona dada wa kazi akitoka sokoni na kikapu. Agizo la Kenya linamweka mfanyakazi wa nyumbani na yaya kundi moja na kibarua. Kwa hiyo mwishoni mwa 2024, yaya wa Nairobi kisheria alistahili zile Sh 16,113.75, yaani zaidi ya Sh 300,000 za Tanzania, mwenzake wa Dar es Salaam anayelala kwa mwajiri akiwa na 60,000. Wengi Nairobi hawazipati, na hilo ni dhuluma. Lakini haki yao imeandikwa, na wanaweza kwenda nayo mahakamani.

Wajua shilingi hizi mbili zilikuwa sawasawa? Hadi 1966 Kenya na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Zilipotengana mwaka huo, shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi ya Tanzania, moja kwa moja. Leo shilingi moja ya Kenya inanunua takriban 20 za Tanzania!

Na nyongeza je? Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Asilimia 35.1 kwa mkupuo! Kenya nayo ilitangaziwa asilimia 6 Mei Mosi 2024, ikaanza kuhesabiwa Novemba.

Likizo sasa, na hapa usikimbilie kujibu. Tanzania inatoa siku 28, Kenya 21. Nani ana nyingi? Za Tanzania zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili ndani, hata sikukuu ndani. Za Kenya ni siku za kazi tu. Anayefanya kazi siku 5 kwa juma akichukua zile 21, anakaa nyumbani zaidi ya majuma 4, kwa hiyo Mkenya amemshinda Mtanzania! Afanyaye siku 6 anapata majuma matatu na nusu tu, na hapo Mtanzania anaongoza.

Ukiugua Tanzania, sheria inakupa siku 126 katika kila miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaanzia siku 7 kamili na 7 za nusu kwa mwaka, ingawa maagizo ya mishahara na mikataba ya vyama huongeza. Usome mkataba wako kabla hujaugua.

Baba aliyepata mtoto Kenya ana majuma 2 ya likizo yenye malipo. Baba wa Tanzania? Siku 3! Mama wa Kenya ana miezi 3, wa Tanzania siku 84. Ila akijifungua mapacha Tanzania, zinakuwa 100, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Wajua mwaka 1947 bandari zote mbili ziligoma? Mombasa Januari, Dar es Salaam Septemba, wote wakidai mshahara wa kuishi. Miaka michache baadaye Tom Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi Kenya, na Rashidi Kawawa wa lile la Tanganyika. Mwaka 1962 Mboya alikuwa Waziri wa Kazi, na Kawawa Waziri Mkuu!

Ukipunguzwa kazini baada ya miaka 10, Tanzania inakudhaminia angalau mshahara wa siku 70. Kenya, siku 150. Zaidi ya maradufu!

Mwisho, wewe hapo: juma lililopita ulifanya saa ngapi? Kama si meneja, na zimezidi 45 ukiwa Tanga au 52 ukiwa Kisumu, kila saa ya ziada inalipwa kama saa moja na nusu. Ikiangukia sikukuu, mara mbili. Hesabu saa zako, kisha nenda ukadai.