Ung'avu, Rangi na Hali ya Moyo katika Mchoro wa Bandari: Mfano kwa Ufundishaji Wilayani Ngara na Biharamulo

Makala haya yanafafanua namna rangi inavyojenga hali ya moyo katika Impression, soleil levant, mchoro wa bandari ya Le Havre, Ufaransa, uliochorwa na Claude Monet mwaka 1872 na kuoneshwa Paris mwaka 1874. Jua la rangi ya chungwa huonekana likiwaka katikati ya ukungu wa buluu na kijivu. Hata hivyo, ung'avu wake, yaani kiasi cha mwanga, unakaribia kulingana na ule wa anga linalolizunguka. Kinacholitenga ni rangi. Mchoro huo ukinakiliwa kwa nyeusi na nyeupe, jua hufifia hadi karibu kutoweka, na matumaini ya asubuhi hupotea pamoja nalo.

Kwa mwalimu wa Ngara au Biharamulo mwenye nakala ya aina hiyo, hoja hii ni ya msingi: mwanafunzi asiyeliona jua hajakosa umakini, nakala ndiyo iliyoliondoa. Inapendekezwa kwamba uhakiki wa Kiswahili utenganishe ung'avu na rangi, na mchoro ulinganishwe na macheo ya Ziwa Viktoria, mathalani Nyamirembe, bandari iliyokuwa Biharamulo kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Chato.