Pumzi Haisukumwi

"Imbeni kwa tumbo!" Ni wanakwaya wachache, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Nakuru, ambao hawajawahi kufokewa hivyo na mwalimu wao, hasa wiki ya mwisho kabla ya tamasha, mazoezi yanapokuwa ya kila jioni na sauti zimeanza kukwaruza. Agizo lenyewe si baya. Ubaya uko kwenye namna linavyoeleweka: mwimbaji anakaza tumbo, anasukuma, noti inapaa juu ya mahali pake, na mstari haujafika mwisho pumzi imeshakata. Ataambiwa hana pumzi. Anayo, tena tele, ila ameimwaga yote kwenye maneno mawili ya kwanza.

Kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, kazi yake ni kuvuta hewa ndani. Kikikaza kinashuka, tumbo linasogea mbele, mapafu yanatanuka. Kutoa hewa si kazi yake. Na mtu aliyejaza kifua hahitaji kusukuma chochote ili hewa itoke, kwa sababu mapafu na mbavu zilizotanuliwa hujirudi zenyewe, kama puto lililopulizwa bila kufungwa mdomo.

Wataalamu hupima nguvu ya kujirudi huko kwa sentimita za maji, yaani kimo ambacho hewa ingeweza kuyainua maji ndani ya bomba. Kifua kilichojaa pomoni hujirudi kwa nguvu inayokaribia sentimita 30. Noti laini huhitaji kati ya 5 na 10 tu. Zinazozidi lazima zizuiwe, la sivyo zote zinaishia kooni. Inayozuia ni misuli ile ile iliyovuta pumzi, hasa ya katikati ya mbavu, na kwa baadhi ya waimbaji kiwambo pia: sauti imeshaanza kutoka, nayo bado haijaachia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Peter Ladefoged na wenzake huko Edinburgh walipima umeme wa misuli ya mbavu za watu wakizungumza, wakakuta hali hiyo hata katika mazungumzo ya kawaida: misuli ya kuvutia pumzi hulegea kidogo kidogo, na ile ya kutolea hupokea kazi baadaye, hewa ya kifuani inapozidi kupungua.

Kwa hiyo, kujaza kifua hadi mabega yapande kabla ya mstari mfupi ni kujitafutia taabu. Kadiri unavyojaza ndivyo nguvu inayokubidi kuizuia inavyoongezeka. Vuta ya kutosha mstari huo, basi.

Unaweza kujipima nyumbani. Chukua chupa ya maji iliyokatwa juu, weka maji, zamisha mrija sentimita 5, kisha puliza taratibu mpaka mapovu yaanze kutoka. Nguvu uliyotumia hapo ndiyo ya noti laini, na wengi hushangaa ilivyo ndogo. Sasa endelea kupuliza mpaka pumzi iishe. Mapovu yakitoka kwa fujo mwanzoni kisha yakafifia, umejiona ulivyo jukwaani. Yakichemka kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mbavu zako zimejua kazi. Mtu anaweza kupuliza sekunde nyingi kuliko jirani yake na bado akaimba vibaya kuliko yeye.

Mrija huo huo, ukiguna wimbo ndani yake badala ya kupuliza tu, ndio zoezi ambalo Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, amelisomea na kulieneza kwa miaka mingi. Hewa inayobanwa mdomoni hurudisha msukumo nyuma hadi kwenye nyuzi za sauti, na nyuzi zinagongana kwa upole zaidi. Upole huo una maana. Nyuzi za mwanamke zina urefu wa sentimita moja na kitu, na soprano anaposhika la ya 440 zinakutana mara 440 kila sekunde, yaani mara 26,400 kwa dakika moja. Dakika chache za mrija zinatosha kupasha sauti kabla ya kupanda jukwaani.

Tangawizi, asali, mayai mabichi: hakuna kinachogusa nyuzi hizo, maana chakula na maji vina njia yao, na vikikosea njia unapaliwa. Maji yanafika kwa kupitia damu, hivyo anza kuyanywa tangu jana yake. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja. Na uache kujikohoza kila dakika.

Siku yenyewe adui mkubwa ni kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Spika zikielekezwa kwa watu na ngoma ikiwa mgongoni, mwimbaji asiyejisikia atapiga kelele tu, hata kama amefanya mazoezi mwezi mzima. Mwombe fundi mitambo spika moja ikuelekee wewe, na uombe kabla watu hawajaingia.

Kwaya ina nafuu yake: noti ndefu hugawanywa, kila mmoja anavuta pumzi kwa zamu katikati ya irabu, kisha anarudi polepole. Anayeimba peke yake hana jirani wa kumfichia. Akae na nakala yake ya wimbo siku mbili kabla, aweke alama ya penseli kila mahali pa kuvuta pumzi, na azifuate hata pale pumzi inapoonekana kutosha kuziruka.