Kupanga Vitabu kwa Dhamira: Mbinu ya Mkutubi Inayomfaa Mwalimu wa Fasihi

Katika maktaba nyingi za umma nchini Kenya, vitabu hupangwa kwa mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Fasihi ya Kiswahili hupewa nambari 896.392, kisha hugawanywa kwa utanzu: ushairi 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi fupi 896.3923. Mpango huu humfaa msomaji anayejua anachokitafuta. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu asiyejua aanzie wapi hupita mbele ya rafu hizo na kutoka na kitabu teule kilekile, au mwongozo wake.

Ndiyo maana wakutubi huwa na mbinu ya pili. Huvitoa vitabu vichache katika rafu mbalimbali na kuviweka pamoja mezani kwa muda, chini ya dhamira moja. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Hoja yetu ni kwamba mkusanyo mzuri wa aina hii ni uhakiki: unahitaji vitabu vinavyojibizana, si vinavyofanana tu.

Anza na swali

"Kazi" na "mapenzi" ni mada pana mno, hazimwiti msomaji. Tuseme shule yako iko Kibugu, Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wanafunzi wako wanakujua kuchuma majani chai na kuvuna kahawa, na wameyasikia mazungumzo ya malipo penye mzani. Swali litakalowagusa ni hili: mtu anayetoa jasho jingi na kulipwa kidogo hufanya nini?

Tafuta majibu yanayopingana

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Shafi Adam Shafi anamchora Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana wake kiasi cha kutouona unyonyaji anaofanyiwa. Katika Kuli (1979) ya mwandishi huyohuyo, Rashidi, mfanyakazi wa bandarini Unguja, anafumbuka macho hatua kwa hatua. Riwaya hiyo inaegemea mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, huku akipambana pia na wanaume wasiotaka kuongozwa na mwanamke. Ongeza diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), iliyotungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, ili mwanafunzi aione gharama ya kusema.

Zingatia kwamba vitabu hivi vinne vimetoka katika tanzu tatu. Katika rafu za Dewey visingekaa pamoja. Usiisahau fasihi simulizi pia: daftari ambamo wanafunzi wenyewe wamenakili nyimbo za kazi na methali kutoka kwa bibi na babu zao linastahili nafasi kwenye meza hiyohiyo.

Onyesha vizuri, kisha pima

Vitabu sita hadi kumi vinatosha. Visimamishe jalada likimtazama msomaji. Changanya kifupi na kirefu, chepesi na kigumu, ili asiyesoma sana apate pa kuingilia. Kando ya kila kitabu weka kadi yenye sentensi mbili, pasipo kufichua mwisho wa hadithi. Kwa mfano: "Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa moyo wote. Je, huo ni uaminifu au ni utumwa?"

Baada ya mwezi mmoja, lichunguze daftari la kuazima. Kitabu ambacho hakikuguswa kibadilishie kadi kwanza. Kisipoguswa tena, kiondoe. Shule ambayo haina vitabu hivi ianze na nakala mojamoja, na mwalimu aulize katika maktaba ya umma mjini Embu.

Tahadhari

Dhamira ni mlango wa kuingilia, nao mlango si nyumba. Mwanafunzi anayeisoma Kuli akiwinda migomo pekee hatauona ukuaji wa Rashidi wala matumizi ya lugha. Baada ya kukisoma kitabu, mtake akitaje kisa kimoja kisichoingia katika swali la mkusanyo.

Wewe mtahiniwa huenda ukauliza: nitafaidika nini na kitabu ambacho hakitahiniwi? Ni kweli kwamba katika Karatasi ya Tatu hoja zako hutolewa katika kitabu teule, si kwingineko. Lakini vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na maswali hugeuzwa kila mwaka. Aliyekariri mwongozo hukwama swali likigeuzwa. Aliyewalinganisha Kijakazi, Rashidi na Lanina amezoea kuuliza kwa nini mhusika ametenda alivyotenda, nani anampinga, na anapoteza nini. Maswali hayo matatu huifungua riwaya au tamthilia yoyote utakayopangiwa.

Zoezi

1. "Utiifu wa mnyonge ndio nguvu ya mnyonyaji." Jadili kauli hii ukirejelea Kasri ya Mwinyi Fuad na Kilio cha Haki. (alama 20)

2. Maji ya Mlima Kenya huanzia juu na kuteremka kuelekea nyanda kavu. Ukianza na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, unda mkusanyo wa vitabu vitano unaojibu swali "Maji ni ya nani?" Andika kadi ya kila kitabu.