Maziwa ya Soya na Ng'ombe wa Ukambani

Hoja ya kuacha maziwa ya ng'ombe ili kuokoa mazingira ina takwimu nzito. Mwaka 2018, Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science hesabu za maelfu ya mashamba duniani. Kwa wastani, lita moja ya maziwa ya ng'ombe huambatana na takribani kilo 3 za gesijoto; ya soya, kilo 1. Maji nayo ni zaidi ya lita 600 dhidi ya 28. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ambayo ng'ombe huitoa mdomoni anapocheua.

Hesabu hiyo ikifika Mwingi au Kibwezi, huko Ukambani, ng'ombe wa kienyeji anahukumiwa vikali zaidi. Hukamuliwa lita moja au mbili kwa siku, kiangazi hakauki maziwa tu bali hukonda, lakini methani haikomi. Igawanye kwa lita chache hizo, kila lita itaonekana chafu kuliko ya Uholanzi.

Kosa liko kwenye kugawanya. Ng'ombe huyo huyo huvuta plau mvua za Oktoba zinapokaribia, samadi yake hurudi shambani, hula mabua na maganda ya ndengu tusiyoweza kula sisi, na karo ikidaiwa hupelekwa mnadani. Kazi zote hizo zibebe sehemu yao ya methani. Hata zile lita 600 nyingi ni za kumwagilia malisho, ilhali nyasi za Kitui hunyweshwa na mvua.

Hata hivyo simtetei kila ng'ombe. Ukame ulioanza 2020 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Ng'ombe anayekufa njaa kabla ya kuzaa ametoa methani bure. Wachache walioshiba, wenye nyasi zilizokatwa na kuhifadhiwa mapema, wana faida kwa mwenyewe na kwa hewa pia. Na mbaazi, yenye mizizi mirefu inayorutubisha udongo, ipandwe zaidi: huko ndiko protini ya mimea iliko Makueni, wala si kwenye pakiti ya maziwa ya soya iliyosafirishwa kwa meli.

Wewe wa Nairobi mwenye uwezo wa kuchagua, badili; hakikisha tu pakiti imeongezwa kalsiamu na vitamini B12. Mtoto wa Mutomo aachiwe kikombe chake cha maziwa.